Boriti ya Saba

Inspekta alipanda ngazi taratibu, mkono mmoja umeshika ukingo na mwingine umeshika bisibisi. Siku tano zilizopita fundi wa mabati alikuwa amepanda ngazi hiyohiyo asubuhi kwenda kupima paa. Alikanyaga boriti sita za ghorofa bila tatizo. Alipoweka mguu kwenye ya saba, ikakatika, naye akaanguka mpaka kwenye zege la chini. Sasa alikuwa wodini, nyonga imevunjika, mguu umening'inizwa.

"Afande, kanyaga ule ubao nilioutandika, basi," Koplo alisema kutoka chini. "Usikanyage kitu kingine. Ukianguka na wewe, nitaandika maelezo mpaka nistaafu."

"Shika ngazi, Koplo."

"Nimeishika kuliko ninavyomshika mke wangu."

Nyumba ilikuwa bado mifupa mitupu. Msingi wa mawe na zege ulikuwa umekamilika, nguzo za mbao zimesimama pande zote, na juu yake boriti kumi na tisa za ghorofa zimelazwa sambamba, kama mistari ya daftari. Kuta hazikuwepo, paa halikuwepo. Mwenye nyumba, nesi mstaafu, alikuwa amesimamisha ujenzi miezi minane akaenda kumuuguza mama yake mzazi mbali na hapo. Alikuwa amerudi siku sita tu zilizopita, na fundi wa mabati ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitwa kazi ilipoanza upya.

Jalada la kesi lilikuwa jembamba. Mtuhumiwa alikuwa seremala aliyeijenga mifupa hiyo, mzee mmoja ambaye kila mtu alimwita Fundi Randa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila randa yake. Kabla ujenzi haujasimama alikuwa amegombana na kaka yake nesi, akasema mbele ya vibarua wanne, "Nyumba hii itakuja kukuangukia." Chini ya boriti iliyovunjika palikuwa na alama ya msumeno. Kwa mambo hayo mawili Fundi Randa alikuwa mahabusu kwa siku ya tatu sasa. Mkuu wa kituo alitaka jalada lifike kwa mwendesha mashtaka kesho asubuhi.

Inspekta alipiga magoti kando ya pengo lililoachwa na boriti ya saba. Kipande kimoja kilikuwa bado kimening'inia kwenye nguzo. Akageuza shingo akaitazama alama ya msumeno kwenye kipande cha pili, kilicholala chini kwenye zege.

"Nimewaonyesha wenzako hiyo alama tangu siku ya kwanza," sauti ilisema kutoka langoni.

Alikuwa kaka yake nesi, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, simu mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa ujenzi, cheo alichojipa mwenyewe.

"Shikamoo," Inspekta alisema bila kugeuka.

"Marahaba. Umeiona?"

"Nimeiona. Koplo, nirushie kipande kile kingine."

"Kukurushia kitu huko juu, Afande..."

"Basi kipime hapo hapo. Hiyo alama ina kina gani?"

Koplo aliinama juu ya kipande kilichoanguka, akachomeka ukucha. "Kama ukucha wa kidole gumba."

"Na boriti imekatikia kwenye alama?"

Koplo alipima kwa shubiri. "Hapana. Shubiri mbili na nusu kutoka kwenye alama."

"Ndani ya alama mna rangi gani?"

"Nyeusi. Nyeusi kama nje kote."

"Mbao ikikatwa leo ndani inakuwa na rangi gani?"

"Ya manjano. Kama siagi."

Kaka yake nesi alisogea karibu. "Mnataka kusema nini?"

"Tunasema alama hii ilikuwepo kabla boriti haijageuka nyeusi," Inspekta alijibu. "Kama mtu angekata wiki iliyopita, ndani pangekuwa pasafi. Hapo seremala alianza kukata mahali pasipo sahihi, akagundua, akaacha. Msumeno haukumwangusha fundi wako."

"Na maneno aliyonitamkia?"

"Maneno hayavunji boriti."

Yule bwana akaanza kubonyeza simu yake.

Inspekta aliingiza ncha ya bisibisi kwenye kipande kilichoning'inia. Iliingia mpaka kwenye mpini bila kusukumwa. Alipoivuta, ilitoka na unga wa kahawia, umegawanyika vipande vidogo vya pembe nne. Akahamia boriti ya nane. Juu, bisibisi iliingia, chini, iligoma. Ya tisa hivyohivyo. Ya kumi hivyohivyo. Zote zilikuwa zimeoza kutokea mgongoni kushuka chini, na juu zilikuwa zimepanguswa zikang'aa, kama meza iliyofutwa kwa kitambaa.

Alishuka ngazi akaenda kwenye nguzo nne za baraza, zilizosimama peke yake mbele ya nyumba. Hizo zilikuwa za kijivu, zimepasukapasuka nyufa nyembamba kwa jua. Akachoma ya kwanza. Bisibisi iliruka ikamrudia. Akachoma ya pili, ya tatu, ya nne.

"Koplo, nguzo hizi zilifunikwa na nini mvua zote hizi?"

"Hazikufunikwa, Afande. Unaziona, zimepauka."

"Zilinyeshewa miezi minane."

"Zilinyeshewa."

"Na ni nzima."

Koplo alivua kofia akajikuna. "Sasa zile za juu..."

"Zile za juu hazijapauka hata kidogo. Jua na mvua havikuzipiga moja kwa moja. Zilifunikwa." Inspekta alifuta bisibisi kwenye suruali. "Zilizonyeshewa ni nzima, zilizofunikwa ndizo zimeoza. Bwana," alimwita kaka yake nesi, "nani alifunika boriti?"

"Hakuna aliyefunika. Nilikuwa napita barabarani kila mara, nilikuwa naona mbao tu."

"Ulikuwa unaingia ndani?"

"Lango lilikuwa na kufuli. Ufunguo uko kwa dada."

Inspekta alipanda tena. Safari hii alilala kifudifudi juu ya ubao wa Koplo, akatazama mgongo wa boriti ya nane kwa karibu, jua likiwa upande. Palikuwa na mstari hafifu wa bluu, umenyooka toka mwanzo wa boriti mpaka mwisho wake.

"Kamba ya chaki," Koplo alisema aliposimuliwa. "Maseremala wanapiga mstari wa bluu kabla ya kukata. Kwa hiyo ni yeye."

"Huenda."

Ila mstari ulikuwa umekatikakatika. Kidoti kirefu kama punje ya ngano, nafasi, kidoti, nafasi, vyote kwa kipimo kimoja. Na pale boriti ya kumi na moja ilipobana kwenye nguzo, palikuwa na kitu kimenasa. Inspekta alikivuta kwa ncha za kucha. Kilikuwa kipande cha nailoni ngumu inayopitisha mwanga, kirefu kama kidole, na ukingoni kimeshonwa kwa uzi wa bluu.

Alikitia kwenye bahasha, akashuka.

*

Fundi Randa aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, akaketi, akaweka mikono mezani. Ilikuwa mikono mikubwa, isiyojua pa kukaa ikiwa haina chombo.

"Shikamoo mzee. Umelala salama?"

"Marahaba, mwanangu. Nimelala kwenye sakafu ya saruji iliyopinda. Aliyeimwaga hakuwa na pima maji."

Koplo alicheka, kisha akajikohoza.

"Ulimwambia yule bwana nyumba itamwangukia," Inspekta alisema.

"Nilimwambia."

"Ulikuwa na maana gani?"

"Maana ya mtu aliyesimamiwa kichwani wiki sita na mtu asiyejua tofauti ya msumari na pini. Kila siku ananiambia boriti zangu zimekaa karibukaribu mno, niziachanishe. Nikamwambia nikifanya unavyotaka, nyumba hii itakuja kukuangukia. Huyo amebeba nusu ya sentensi yangu akaileta polisi."

Inspekta aliandika. Kisha akatoa donge la mbao iliyooza akaliweka mbele yake. Mzee alilichukua, akalinusa, akalivunja kwa vidole viwili.

"Hii imepikwa."

"Imepikwaje?"

"Kama chungu kilichofunikwa. Mbao ikinyeshewa ikapigwa na upepo, inakauka. Kesho inanyeshewa tena, inakauka tena. Itapauka, itapasuka kidogo, lakini boriti nene kama zile haiogopi mvua ya msimu mmoja. Inachoogopa ni kulowa halafu isipate pa kutolea maji. Ukiifunga ikiwa mbichi, jua likipiga, ndani panakuwa na mvuke. Mvuke unashuka unakuwa maji. Ukungu unahamia, unaleta familia yake yote."

"Ulipoondoka, ulifunika nini?"

"Mbao za akiba tu, zile za pembeni. Nilizipandisha juu ya matofali zisiguse ardhi, nikatia vijiti kati ya ubao na ubao upepo upite, juu nikaweka turubai kama paa, pembeni wazi. Mpaka leo ni nzima, nenda kaangalie. Boriti niliziacha wazi makusudi. Nikamwambia mama mwenye nyumba mwenyewe, siku anasafiri, kwamba zisiguswe. Na kama lazima zifunikwe, basi turubai juu, pembeni paachwe wazi."

"Ulimwambia nani mwingine?"

"Yule msimamizi alikuwa hasemi na mimi. Nilimwambia mama."

Inspekta alimsogezea simu yenye picha ya mstari wa bluu. "Hii ni kamba yako ya chaki?"

Mzee aliinamia picha. "Kamba ya chaki haipumziki. Unaivuta, unaiachia, pa! Mstari mmoja toka hapa mpaka kule. Huu unarukaruka. Na chaki yangu ingeoshwa na mvua ya kwanza."

"Basi ni nini?"

Fundi Randa aliitazama picha kwa muda mrefu. Akaipanua kwa vidole, akaisogeza mbele na nyuma. Kisha akairudisha simu mezani, akaigeuza kifudifudi.

"Mimi ni seremala, Afande."

"Hilo nalijua. Nimeuliza mstari ni wa nini."

"Na mimi nimejibu. Hilo si la kazi yangu."

"Kesho asubuhi jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, mzee. Jina lililomo ni lako."

"Kesho asubuhi bado haijafika," mzee alisema kwa upole, akajikunja kwenye kiti kama mtu anayengoja gari.

Inspekta alifunga daftari. Nje ya mlango alimwambia Koplo, "Amejua."

"Amejua nini?"

"Amemjua aliyefanya. Na amempa mpaka kesho."

*

Walipita kwanza kwenye ujenzi, wakazikuta mbao za akiba nzima. Nesi aliishi mtaa wa pili kutoka hapo, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na kibaraza. Chumba cha mbele kilikuwa sebule na karakana kwa pamoja. Upande mmoja makochi mawili yenye vitambaa, upande mwingine meza ya kukatia nguo, rafu ya nyuzi, na dirishani cherehani ya miguu. Mume wake alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, miwani imeshuka puani, anapindia sketi ya shule. Watu walimwita Mzee Pindo. Alikuwa akiushonea mtaa mzima tangu wengine wakiwa matumboni.

"Karibuni, karibuni," nesi alisema. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyezoea kuamrisha wagonjwa. "Mume wangu, wageni."

"Nawasikia," Mzee Pindo alisema, mguu wake ukiendelea kukanyaga.

Walisalimiana, wakaketi. Nesi alieleza bila kuombwa: alikwenda kumuuguza mama yake, Mungu akamjalia mama akapata nafuu, akarudi, akakuta nyumba yake imesimama vilevile alivyoiacha. "Nilifurahi nikalia. Mbao zilikuwa zinang'aa! Nikasema huyu Randa ni fundi kweli. Halafu ndiyo haya."

"Ufunguo wa lango ulikuwa wapi ulipokuwa safarini?"

"Hapo kwenye msumari, nyuma ya mlango."

"Nani alikuwa anakwenda kule?"

"Hakuna. Kaka yangu alikuwa anapita nje. Huyu bwana magoti yake yanamsumbua, ngazi haziwezi."

Cherehani iliendelea kunguruma.

"Fundi Randa anasema alikuachia maagizo kuhusu boriti, siku unasafiri."

Nesi alikunja uso akikumbuka. "Ndiyo... alinikuta nikifunga mizigo. Alisema zisifunikwe. Au zifunikwe nusu? Nilikuwa na simu ya hospitali sikioni, mama alikuwa hoi. Nikamwambia sawa, sawa."

"Ulimwambia mtu?"

"Nilisahau hata kubeba mswaki, mwanangu."

Inspekta alitoa bahasha, akakilaza kipande cha nailoni juu ya kitambaa cha meza. "Hiki nimekitoa kwenye boriti ya kumi na moja. Angalia huo mshono. Unakwambia kitu?"

Nesi alikichukua ili amwambie hapana. Akakigeuza. Kidole gumba chake kilipita juu ya uzi wa bluu, kikafika mwisho ambapo mshono ulirudi nyuma mara tatu na kufungwa fundo dogo la pembeni. Akabaki amekishika.

"Mama?" Inspekta aliita.

"Fundo hili nalijua," nesi alisema polepole. "Nimelivaa miaka thelathini na sita. Kila gauni nililonalo linaishia hivi."

Cherehani ilinyamaza.

Mzee Pindo alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya sketi.

"Koplo," alisema, "chini ya meza hiyo ya kukatia, vuta pazia. Mimi magoti kweli yananiuma, hilo halikuwa uongo."

Koplo alivuta pazia. Ndani palikuwa na mifuko ya nailoni mirefu, imekunjwa nadhifu kama mashati mapya dukani, kila mmoja umeandikwa namba kwa chaki ya fundi nguo. Akahesabu kwa sauti. Ilikuwa kumi na tisa. Wa saba ulikuwa juu.

"Nilizipima moja moja," Mzee Pindo alisema. Hakuwa akimtazama Inspekta bali mke wake. "Uliondoka wiki ya mvua. Kila ilipopiga bati hapa, nikawa nafikiria nyumba yako kule, uchi. Nikapanda ngazi makalio kwanza, kipandio kwa kipandio. Nikachukua vipimo kama vya suruali. Nikashona hapa, nikaenda kuzivisha, na mshono wa mwisho nikaumalizia kule kule juu, kwa sindano ya magunia. Nilitaka urudi uikute kama ulivyoiacha."

"Mshono uliuweka juu," Inspekta alisema.

"Juu, ndiyo. Nilikuwa nimekaa juu ya boriti, mkono unafika juu. Kila tundu la sindano likawa mlango wa maji. Yaliingia na rangi ya uzi, hayakutoka. Mimi nimeshona makoti ya mvua maishani mwangu, Afande. Nilipaswa kujua."

"Ulizivua lini?"

"Siku mbili kabla fundi wa mabati hajaja. Nilipofungua ya kwanza, maji yalinimwagikia mapajani. Mbao ilikuwa nyeusi, inanuka kama kabati la nguo mbichi. Nikazipangusa zote kwa kitambaa. Zikang'aa. Nikajiambia zitakauka."

"Hukumwambia mtu."

"Randa alikuwa aje kuzikagua siku ileile, saa nne. Nikasema ataziona mwenyewe, atanicheka, atazibadilisha. Sikujua kama yule wa mabati atawahi saa moja."

Nesi alikuwa amesimama sasa, kipande mkononi. "Na siku tatu hizi? Randa yuko ndani siku tatu. Ulikuwa unakula chakula changu hapa, Randa yuko ndani."

"Siku ya kwanza nilisema nitakwenda jioni," mumewe alijibu. "Jioni nikasema kesho. Asubuhi nikavaa viatu, nikafika pale dukani kwenye kona, nikarudi. Leo pia nimefika kwenye kona." Akainua sketi ya shule akaishusha tena. "Niliogopa macho yako kuliko polisi."

Nesi alikwenda nyuma ya mlango, akarudi na viatu vya mumewe, akainama akaviweka mbele ya miguu yake, vidole vikitazama mlangoni.

"Randa alinieleza mimi," alisema akiwa bado ameinama. "Nami sikukueleza. Hilo nitalibeba mimi. La kumwacha rafiki yako ndani, hilo ni lako. Vaa."

*

Maelezo yaliandikwa kituoni kwa saa moja. Koplo alisoma kwa sauti, Mzee Pindo akasahihisha neno moja: palipoandikwa "maturubai" alitaka paandikwe "mifuko". Akatia sahihi.

"Sasa mnanifunga?" aliuliza.

"Kufunika mbao si kosa," Inspekta alisema. "Kukaa kimya, hilo mwendesha mashtaka ataliangalia. Hukuulizwa, kwa hiyo hukudanganya, na nitaandika hivyo. Ila nitaandika pia kwamba ulipangusa."

"Andika. Ni kweli."

Fundi Randa alitolewa, akarudishiwa mkanda, futi na randa yake. Alipokuwa anavaa mkanda aliinua macho, akamwona mwenzake amesimama upande wa pili wa kaunta. Watu hao wawili walikuwa wakitaniana tangu ujana. Mtu yeyote mtaani angeweza kusimulia matusi yao.

"Siku tatu," Fundi Randa alisema.

"Siku tatu," Mzee Pindo aliitikia.

"Mshono wako nimeuona leo kwenye picha. Kipofu angeuona. Nikasema nimwache aje mwenyewe, nimpe mpaka asubuhi."

"Sikuja mwenyewe. Nimeletwa."

Fundi Randa alikaza mkanda mpaka tundu la mwisho. "Angalau umesema hivyo."

"Randa, ndugu yangu..."

"Usinianze. Mimi nina maneno yangu, tena mengi, na nitakuja kukusomea yote kwako, mbele ya shemeji. Lakini si leo. Leo kuna mtu amelala na mguu juu kwa sababu yako. Yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni." Akamgeukia Inspekta. "Afande, kule pamebaki boriti kumi na nane zilizooza. Naomba ruhusa nikaiondoe ngazi, mtu asipande, kabla hazijamwangusha mwingine."

"Nenda. Koplo atakufungulia lango."

Mlangoni mzee alisimama. "Ulishona zote kumi na tisa?"

"Zote."

"Kwa mkono?"

"Mshono wa mwisho, kwa mkono."

Fundi Randa alitikisa kichwa, akatoka akiguna peke yake.

*

Hospitali ilikuwa na korido ndefu iliyopakwa rangi mbili, kijani chini na nyeupe juu. Inspekta alimfikisha Mzee Pindo mpaka mlango wa wodi ya wanaume. Kitanda cha fundi wa mabati kilikuwa cha tatu kutoka dirishani. Mke wake alikuwa pembeni akimmenyea chungwa. Alipowaona alisimama, akawapisha, akatoka na maganda mkononi.

"Niingie na wewe?" Inspekta aliuliza.

"Hapana. Tukiingia wawili, nitakuwa nimeletwa tena."

Aliingia. Inspekta alikaa kwenye benchi, akafungua jalada magotini. Aliandika muhtasari wa kurasa mbili: alama ya msumeno ya zamani, boriti kumi na tisa zilizooza kutokea juu, nguzo nne za baraza zisizofunikwa, nzima, mbao za akiba chini ya turubai lililoachwa wazi pembeni, nzima, mifuko kumi na tisa ya nailoni, kielelezo. Akaandika kwamba mtuhumiwa wa kwanza ameachiwa na hana la kujibu. Kupitia kioo cha mlango aliona mgongo wa Mzee Pindo, umeinama kidogo, umesimama. Hakupewa kiti, wala hakukitafuta. Fundi wa mabati alipofungua mdomo, wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza vichwa. Mgongo wa Mzee Pindo haukusogea.

Alitoka baada ya kama dakika ishirini. Alijipapasa mfukoni akitafuta miwani, ambayo ilikuwa usoni.

"Amesemaje?" Inspekta aliuliza.

"Amesema niondoke."

Inspekta alifunga kalamu.

"Akasema amefanya kazi ya juu miaka kumi na minane, hajawahi kuanguka. Akasema hajui kama atapanda tena. Akasema hataki pole yangu." Mzee Pindo aliketi kwenye benchi, akanyoosha goti moja kwa mikono miwili, kisha la pili. "Nimefika mlangoni, akaniita. Akaniuliza kama nitarudi kesho."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemuuliza saa za kuona wagonjwa zinaanza saa ngapi. Akasema saa kumi." Alivuta pumzi, akajiinua kwa kushika ukuta. "Nitakuwa hapa saa tisa na nusu."